Kinga ya Msafiri katika Njia za Ngara na Biharamulo

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Neno hili hutajwa kwa maana ya baraka: mgeni akiingia nyumbani chungu hutelekwa, na mwenyeji aliyekuwa na njaa hupata kula pamoja naye. Lakini ziko nchi ambazo historia yake inatulazimisha kulitazama neno hili kwa jicho la pili. Ngara na Biharamulo, katika pembe ya kaskazini-magharibi ya Tanzania, ambako mto Ruvubu unakutana na mto Kagera, ni nchi ya njia. Misafara ya biashara, majeshi, vibarua, wakimbizi na malori yamepita huko kwa zaidi ya karne moja na nusu, na mara nyingi mgeni aliingia pamoja na maradhi yake, au alitoka na maradhi aliyoyapata njiani. Katika makala hii nakusudia kueleza jinsi watu walivyojaribu kujikinga na maradhi ya safari katika nchi hiyo, na kuuliza swali moja: katika kinga zote zilizowekwa, ni ipi iliyofaa, na kwa sababu gani?

Msafiri wa siku hizi aendaye ng'ambo huyajua masharti yake. Huchanjwa homa ya manjano siku 10 au zaidi kabla ya kuondoka, hupewa cheti cha rangi hiyohiyo ya manjano, hununua dawa za malaria, na huonywa juu ya maji na vyakula asivyovijua. Akiwa anakwenda kuhiji Makka huchanjwa pia homa ya uti wa mgongo. Mambo haya huyaona kama ushuru wa barabarani: hulipa, hupigiwa muhuri, hupita. Hafikiri kwamba kila sharti lina ukoo wake, wala kwamba nyuma ya muhuri wapo watu waliokufa, waliofungiwa njia, au waliohamishwa makwao ili sharti hilo lipate kujulikana.

Tuanze na mwaka 1861. Mwaka huo Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walipita katika nchi ya Usui, ambayo kwa sehemu kubwa ndiyo Biharamulo na Ngara ya leo, wakielekea Karagwe. Katika habari za safari yao, Usui ya mkama Suwarora inakumbukwa zaidi kwa hongo nyingi walizotozwa. Mwezi wa Novemba walifika kwa Rumanika, mkama wa Karagwe, na huko Grant akaugua mguu kwa kidonda kibaya kilichomlaza kwa miezi mingi. Wajumbe wa Buganda walipokuja kumchukua Speke mwezi wa Januari 1862, Grant aliachwa nyuma. Udhaifu wake ulikuwa sababu mojawapo. Sababu ya pili ilikuwa desturi ya Buganda ya kutomwingiza mgonjwa katika nchi yao. Ilipofika Aprili ndipo naye aliporuhusiwa kuondoka, akibebwa kwa machela.

Kisa hiki ni kidogo, lakini kina funzo lisilo dogo. Watu wengi hudhani kwamba kumkagua msafiri mpakani ni elimu iliyoletwa na wageni kutoka Ulaya. Hapa tunaona kinyume chake: Mwingereza, mtu wa taifa lenye bandari zilizokwisha kuweka karantini kwa karne nyingi, amezuiwa kwa ajili ya afya na dola ya Kiafrika. Waganda hawakuwa na darubini wala hawakujua habari za vijidudu, lakini walijua kwamba maradhi hutembea kwa miguu ya watu. Elimu hiyo ilikuwa ya wenyeji. Kilichobadilika baadaye ni mikono iliyoshika mlango.

Walikuwa na haki ya kuogopa. Katika karne ya 19 njia za misafara zilikuwa pia njia za magonjwa. Ndui ilifuatana na wapagazi kutoka pwani mpaka bara, na mpagazi aliyeugua mara nyingi aliachwa kando ya njia, akafa hapo au akawaambukiza wa kijiji cha karibu. Mwaka 1869 kipindupindu kilishuka kutoka bara mpaka pwani na kuingia Unguja, ambako kiliua maelfu ya watu. Daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi Unguja wakati ule, alifuatilia habari zake kwa kuwauliza wafanya biashara na wasafiri, na katika kitabu chake cha mwaka 1876 akaonyesha jinsi ugonjwa ulivyofuata njia za misafara. Kwa maneno mengine, ramani ya biashara na ramani ya mauti zilikuwa ramani moja.

Ugonjwa mmoja mdogo kwa umbo uliifika nchi hii kwa njia ya ajabu. Funza hakuwa mdudu wa Afrika ya Mashariki. Alitoka Amerika ya Kusini, akashushwa katika pwani ya Angola mnamo mwaka 1872 pamoja na shehena ya meli, kisha akavuka bara zima katika nyayo za wasafiri, na kabla ya karne kwisha akawa amefika Unguja. Oscar Baumann, Mwaustria aliyepita katika nchi za magharibi ya Ziwa Viktoria mwaka 1892, aliwakuta watu wa Uzinza wakiteseka kwa funza kiasi cha kuozwa viungo, na vijiji vilivyoangamia kwa sababu watu hawakuweza kwenda mashambani. Sisi tuliozoea kumwona funza kama adha ya mtoto asiyeoga hatuna budi kukumbuka kwamba kwa watu wasiomjua alikuwa janga. Hawakujua kumtoa kwa ncha ya sindano au mwiba kabla hajataga. Elimu hiyo ndogo, iliyopokewa kutoka mdomo hadi mdomo, ndiyo iliyokuwa chanjo yao.

Palikuwapo pia homa ya papasi, iliyowasumbua waliolala katika mabanda ya kambi za misafara. Robert Koch, mganga mashuhuri wa Ujerumani, aliichunguza homa hiyo mwaka 1905 katika koloni la Wadachi, akathibitisha kwamba papasi hukaa katika vumbi la sakafu ya mabanda ya zamani. Shauri lake kwa wasafiri lilikuwa jepesi: wapige kambi mbali kidogo na mahali walipolala wenzao waliotangulia. Shauri hili halikuhitaji dawa, wala cheti, wala askari. Lilimwambia msafiri sababu, kisha likamwacha ajilinde mwenyewe.

Mambo hayakuwa mepesi hivyo ulipokuja ugonjwa wa malale. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa huu ulizuka Busoga na katika visiwa vya Ziwa Viktoria, ukaua watu wanaokadiriwa kufikia 200,000 au zaidi katika nchi ya Uganda. Mwaka 1903 David Bruce alionyesha kwamba huenezwa na mbung'o. Kwa Wadachi waliotawala Bukoba na Biharamulo, hatari ilikuwa katika mwendo wa watu. Vijana wa Kiziba walikuwa na desturi ya kwenda Uganda na visiwani kutafuta kazi, wengine kugema mpira, na waliporudi baadhi yao walianza kusinzia, kukonda na kupotewa na akili. Koch mwenyewe alikuja mwaka 1906, akaweka kambi yake katika visiwa vya Sese mpaka mwaka 1907, akiwatibu wagonjwa kwa dawa iitwayo atoksili, yenye asili ya sumu ya zarniki.

Baada yake Wadachi waliendelea na kazi, na katika Kiziba palikuwa na kambi ya wagonjwa Kigarama. Watu walipapaswa shingo kutafuta tezi zilizovimba, wakatolewa maji ya tezi kwa sindano ili yatazamwe kwa darubini. Hapo mwanzo wengi walikuja kwa hiari, maana dawa ilionekana kuwapa nguvu kwa muda. Lakini nguvu hizo hazikudumu, na baadhi ya wagonjwa walipofuka macho kwa ukali wa dawa. Basi watu wakaanza kupima faida na hasara kwa akili zao. Wengine walitoroka kambini. Wengine waliwaficha jamaa zao. Na msafiri aliyejua kwamba akikamatwa mpakani atapelekwa sindanoni aliifuata njia ya porini, palipokuwa na mbung'o wengi zaidi.

Hapa ndipo tunapolipata jibu la kwanza la swali letu. Kinga iliyowekwa juu ya msafiri bila kumpa jambo analolithamini humfundisha kujificha. Msafiri mwenye maradhi anayejificha ni hatari kuliko yule anayepita wazi, kwa sababu hakuna ajuaye amelala wapi. Wako waandishi waliowalaumu watu wa wakati ule kwa ujinga. Mimi naona lawama hiyo haina msingi. Mtu anayeikimbia dawa inayopofusha na isiyoponya hakosi akili. Anakosa mtibabu wa kumwamini.

Baada ya Vita Kuu ya kwanza Waingereza waliitwaa Tanganyika. Mpaka mpya ulichorwa kati yao na Wabelgiji waliopewa Ruanda na Urundi. Nchi ya Gisaka ikarudishwa Ruanda, na Bugufi, iliyokuwa chini ya ufalme wa Urundi, ikabaki upande wa Tanganyika. Kwa watu wa Bugufi, ndugu, ng'ombe na makaburi vilikuwa pande zote mbili za mstari huo. Kwenda kumzika shangazi kuligeuka kuwa safari ya kwenda nchi ya kigeni, pamoja na masharti yake yote.

Mwaka 1922 malale ya aina nyingine, iliyo kali zaidi na inayoua kwa muda mfupi, ilionekana Maswa, kisha ikaonekana katika sehemu nyingi za magharibi. Serikali ya Waingereza haikutegemea sindano peke yake. Iliamua kuwakusanya watu waliokaa kwa kutawanyika porini, ikawahamishia katika makazi makubwa ambako miti ingefyekwa na mbung'o angekosa kivuli. Katika miaka ya 1930 Biharamulo ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizofanyiwa kazi hiyo. Hoja ya waganga ilikuwa na ukweli ndani yake: mbung'o hapendi mashamba yaliyo wazi, na watu wakikaa pamoja ni rahisi kuwapima na kuwatibu. Vifo vilipungua mahali pengi.

Lakini kinga hii ilikuwa na bei, na bei hiyo ililipwa na upande mmoja. Familia ziliacha migomba iliyopandwa na mababu, maji waliyoyajua, na mahali pa matambiko. Nchi waliyoiacha haikukaa ikiwasubiri. Pori lilirudi, mbung'o akarudi na pori, na wanyama wakafuata. Sehemu kubwa ya nchi kati ya Biharamulo na Karagwe baadaye ilikuwa mapori ya akiba, na mwaka 2019 mapori hayo yakaunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Si haki kusema kwamba malale ndiyo iliyoleta mambo hayo yote. Maradhi ya ng'ombe ya miaka ya 1890, njaa na vita vilikwisha kuwapunguza watu. Hata hivyo mtalii anayeingia leo katika hifadhi hiyo, akiwa amejipaka dawa ya kufukuza wadudu, anapaswa kujua kwamba ukimya anaousifu una sehemu yake katika historia ya uganga.

Wakati watu wa Biharamulo wakihamishwa, wengine walikuwa njiani. Njaa kubwa iliyoipiga Ruanda na Urundi mwaka 1928 na 1929 iliongeza idadi ya wanaume waliokwenda Buganda kulima pamba na kahawa za matajiri, na njia mojawapo ilipita Bugufi na kuelekea kivuko cha Kyaka. Wahangaza na Washubi nao walishika njia hiyo. Utafiti ulioongozwa na Audrey Richards, uliochapishwa mwaka 1954, ulieleza kwa urefu habari za vibarua hao na shida za safari zao. Walitembea wiki nzima au zaidi, wakila kidogo, wakilala popote, wakipita katika mapori ya mbung'o. Serikali ziliwaona kwa macho mawili: jicho moja liliona nguvu kazi isiyoweza kukosekana, jicho la pili liliona wabebaji wa malale na ndui.

Sasa tumtazame msafiri wa namna nyingine katika miaka hiyohiyo. Mwezi wa Februari 1931 shirika la Imperial Airways lilianza safari za ndege kutoka London mpaka Mwanza. Jambo hili liliwatia waganga wa dunia hofu mpya. Homa ya manjano ilikuwapo Afrika lakini haikuwapo India, ingawa mbu wa kuieneza walikuwa tele huko. Na mgonjwa ambaye zamani angekufa baharini sasa aliweza kufika akiwa bado hajaanza kutetemeka. Mwaka 1933 mataifa yakapatana sheria ya afya kwa safari za angani. Mwaka 1936 chuo cha utafiti wa homa ya manjano kikaanzishwa Entebbe, na mwaka 1937 Max Theiler na wenzake wakaitangaza chanjo iliyo bora, ambayo kwa ajili yake Theiler alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1951.

Mwaka huohuo wa 1951, Shirika la Afya la Dunia lilipitisha kanuni za afya kwa mataifa yote, zikaanza kutumika tarehe 1 Oktoba 1952. Kanuni hizo zilitaja maradhi sita: kipindupindu, tauni, homa ya manjano, ndui, tifasi, na homa ya kurudi inayoenezwa na chawa. Msomaji ataona kwamba malale haimo. Ugonjwa uliohamisha vijiji vizima vya Biharamulo haukuhesabiwa kuwa ugonjwa wa safari, kwa sababu haukutishia bandari za Ulaya wala miji ya Asia. Silaumu kanuni hizo kwa jambo lisilokuwa kusudi lao. Lakini hapana budi tuseme wazi kwamba cheti cha msafiri kilibuniwa kumlinda yule anayefikiwa, na kumlinda msafiri mwenyewe pale tu ambapo haja hizo mbili zilipatana. Abiria wa ndege alipewa chanjo na kitabu kidogo chenye muhuri. Kibarua wa miguu alipewa kizuizi cha njia.

Kanuni hizo zimebadilishwa mara kwa mara. Mwaka 1969 zilipewa jina jipya. Mwaka 1973 sharti la chanjo ya kipindupindu liliondolewa, kwa kuwa chanjo ya wakati ule haikuzuia ugonjwa usivuke mipaka. Na mwaka 2005 ziliandikwa upya, zikaanza kutumika mwaka 2007. Tangu tarehe 11 Julai 2016 cheti cha homa ya manjano hudumu maisha yote ya mwenye nacho. Ndui iliondolewa katika kanuni kwa sababu njema kuliko zote, maana haipo tena duniani.

Kisa cha mwisho wa ndui kinafaa kukumbukwa na kila msafiri. Mgonjwa wa mwisho aliyeipata kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merka, Somalia. Mwezi wa Oktoba 1977 gari lilifika na wagonjwa wa ndui, na dereva hakuijua njia ya kwenda kambi ya kuwatenga. Ali alipanda garini akawaonyesha njia. Safari ilikuwa ya dakika chache tu, lakini alitoka na ugonjwa, kwa kuwa alikuwa ameikwepa chanjo akiogopa maumivu yake. Alipona, na baadaye akawa mtu wa kuwashawishi wazazi wa Somalia kuwachanja watoto polio, akiwaeleza kosa lake bila kuficha, mpaka alipofariki dunia mwaka 2013. Wapo wahubiri wengi wa chanjo, lakini ni wachache wenye hoja nzito kama hiyo.

Turudi Ngara. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakikimbia kutoka Rwanda, huku mto Kagera ukichukua maiti za waliouawa katika mauaji ya kimbari. Walikusanyika Benaco, mahali palipopewa jina la kampuni ya Kitaliano iliyokuwa imejenga barabara. Hapakuwa na wakati wa kuuliza vyeti. Kama desturi ya Buganda ya mwaka 1862 ingefuatwa, maelfu wangalifia ng'ambo ya mto. Mlango uliachwa wazi, na kinga ikafanywa ndani ya mlango: maji ya bwawa yakatiwa dawa, vyoo vikachimbwa, na watoto wakachanjwa surua, ugonjwa uliokuwa umeua watoto wengi katika makambi ya Sudan mwaka 1985.

Hali haikuwa njema. Kuhara damu kuliua watu, na miti ya wenyeji ilikatwa kwa kuni hadi vilima vikabaki vitupu. Lakini na tulinganishe. Mwezi wa Julai mwaka huohuo wakimbizi wengine waliingia Goma, katika nchi ya Kongo, ambako ardhi ni mawe ya volkano yasiyochimbika kwa urahisi, na maji salama hayakupatikana upesi. Kipindupindu na kuhara damu viliua huko watu wanaokadiriwa kukaribia 50,000 kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Ngara haikufikwa na msiba wa kadiri hiyo. Msafiri aliokolewa na maji safi, shimo la choo na sindano ya surua. Na mwenyeji akaokoka pamoja naye, maana visima na masoko yalikuwa yao wote.

Miaka iliyofuata wakimbizi wa Burundi nao walikuja kwa makundi, na Mbuba, katika wilaya ya Ngara, ikawa na kituo cha kuwapokea na kuwapumzisha kabla ya kuendelea. Kituo cha namna hii ni mahali pa muda, na wengi waliopita humo hukumbuka tu uji, foleni na usiku wa baridi. Lakini katika historia ninayoieleza kina heshima yake, kwa kuwa kinabadili maana ya ukaguzi. Msafiri anayepokelewa kwa uji na kupatiwa pa kulala hana haja ya kuificha homa yake. Ataitaja mwenyewe, kwa sababu ameona kwamba kuitaja kunaleta nafuu.

Tukio la mwisho ni la juzi. Mwaka 1967, katika miji ya Marburg na Frankfurt huko Ujerumani, na Belgrade katika Yugoslavia ya wakati ule, watu 31 waliugua homa kali ya kutoka damu na 7 kati yao wakafa. Ugonjwa ulikuwa umesafiri na tumbili walioletwa kutoka Uganda kwa ajili ya maabara. Ukapewa jina la Marburg, na baadaye ikajulikana kwamba makao yake ni popo wala matunda wakaao mapangoni. Tanzania iliutangaza kwa mara ya kwanza mwezi wa Machi 2023, katika wilaya ya Bukoba, ambako watu 6 walifariki. Tarehe 14 Januari 2025 Shirika la Afya la Dunia lilieleza habari za watu waliodhaniwa kuwa na ugonjwa huo Biharamulo. Siku iliyofuata ilisemwa na wizara kwamba vipimo vya wakati huo havikuuonyesha. Uchunguzi ukaendelea, na tarehe 20 Januari Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kwamba mgonjwa mmoja amethibitishwa. Mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 13 Machi 2025, walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 10, wawili waliothibitishwa na wanane waliodhaniwa, nao wote walikuwa wamefariki.

Dhidi ya Marburg hakuna chanjo iliyokubaliwa kwa matumizi ya watu wote, ingawa mojawapo ilijaribiwa kwa watumishi wa afya wa Rwanda katika mlipuko wa mwaka 2024. Basi msafiri wa Biharamulo mwaka 2025 hakuwa na cheti cha kuonyesha. Kinga yake ilikuwa ya zamani kabisa: kumtenga mgonjwa, kutogusa damu na maiti, kunawa mikono, kuwafuatilia kwa siku 21 waliomkaribia, na kupimwa joto mipakani. Shirika la Afya lilishauri mipaka isifungwe wala biashara isizuiwe. Shauri hilo si la huruma tu. Limejengwa juu ya hesabu iliyokwisha kupigwa katika mapori ya Kiziba zaidi ya miaka 100 iliyopita: funga barabara, na watu watapita porini; adhibu taarifa, na taarifa zitakoma.

Sasa naweza kulijibu swali nililouliza mwanzoni. Sioni kwamba dawa bora ndiyo iliyotenga kinga zilizofaa na zile zisizofaa, ingawa dawa bora ni neema. Shauri la Koch juu ya papasi lilifaa bila dawa. Atoksili yake ilikosa kufaa ingawa ilitoka kwa mtaalamu yuleyule. Chanjo ya surua ilifaa Benaco kwa sababu ilikwenda pamoja na maji na chakula. Kinga ilifaa kila mara msafiri na mwenyeji walipopewa sababu ya kusema kweli, na ilishindwa kila mara ukweli ulipomgharimu msemaji kuliko kimya. Hata kuhamishwa kwa watu wa Biharamulo, kulikopunguza vifo, kuliacha deni ambalo halijaandikwa mahali popote, na watu wenye kumbukumbu ya deni la namna hiyo hawaamini upesi gari jipya linapofika kijijini.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa, na somo hilo huelekezwa kwa mgonjwa. Historia ya njia hizi inatutaka tulielekeze pia kwa wenye mamlaka ya kufungua na kufunga milango, maana nao huweza kuficha, nao huweza kuumbuliwa. Msafiri na achanjwe, na achukue cheti chake, na anawe mikono. Lakini yule anayempokea mpakani ajue kwamba uso wake ni sehemu ya kinga. Akipokea vema, msafiri ataeleza homa yake mapema, naye mwenyeji atapata nafasi ya kupona.